Kabla ya kuchagua jumba la kabaila, uliza maji nani anapandisha

Najua nimewatupa, kazi za chumba cha habari zimenibana mpaka kope. Leo siandiki siasa, siandiki bei ya mafuta, wala foleni ya Ubungo. Leo naandika kuhusu jumba la kifahari ambalo halipo duniani, la familia ambayo haijawahi kuwepo, ya binti niliyemtunga mwenyewe kwa penseli na dadu. Msinicheke kwanza. Mtaona tunakoelekea.

Iko hivi. Kila Jumapili jioni sisi washkaji sita tunakutana Sinza, sebuleni kwa mmoja wetu, tunacheza Dungeons & Dragons. Kwa wasioufahamu, ni mchezo wa mezani ambao kila mmoja anajitungia mhusika wake. Mmoja wenu anakuwa mwendesha mchezo, yeye ndiye anayesimulia dunia na kuwasemea watu wote mnaokutana nao njiani. Jambo likiwa na utata linaamuliwa kwa kurusha dadu, hasa ile ya pande 20. Hakuna kombe, hakuna timu inayoshuka daraja. Mnakaa saa nne mnatunga hadithi kwa pamoja, mnakula mihogo ya kukaanga, mnarudi makwenu. Kijiweni kwetu tuna daktari mmoja, watu wawili wa benki, fundi wa kompyuta, mwalimu wa sekondari ambaye ndiye mwendesha mchezo, na mimi mwandishi wenu.

Mhusika wangu ni binti wa mwisho wa ukoo wa kikabaila. Alitoroka kwao, sasa anazunguka dunia na upanga pamoja na wenzake wanne wasio na mbele wala nyuma. Kwa miezi mitano "kwao" lilikuwa neno tu. Mpaka juzi mwalimu wetu akatangaza kwamba safari yetu itapita huko, akanigeukia: "Wewe, una wiki mbili. Niletee jumba la kwenu. Liwe la kutisha. Nataka hawa wakifika getini wanyamaze."

Basi bwana, nikaichukulia kama kazi niliyotumwa na mhariri. Nimekesha na picha za majumba mpaka bando likaisha. Na katika kuhangaika huko nimefikia msimamo ambao nauleta kwenu leo, mkiupinga mpinge kwa hoja: watu wengi tunachagua majumba haya kwa mnara na geti, wakati jumba la kabaila linachaguliwa kwa mlango wake wa nyuma.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wanaosema ni utoto hawajasoma vitabu vyake. Ulitoka mwaka 1974 kule Marekani, ukiwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu kanuni zile za kwanza, shujaa wa upanga akifika daraja la 9 anaitwa bwana mkubwa. Akijenga ngome anahesabika kuwa baroni na anaanza kutoza kodi: vipande 10 vya dhahabu kwa kila mkazi wa eneo lake, kila mwaka. Yaani tangu siku ya kwanza mchezo ulijua kwamba ngome haisimami peke yake, chini yake kuna vijiji vinavyolipa.

Njoo sasa kwenye vitabu vya toleo la tano vya mwaka 2014, ambavyo ndivyo tunavyotumia. Kasri kubwa linagharimu vipande 500,000 vya dhahabu na siku 1,200 za ujenzi. Kuliendesha ni vipande 400 kwa siku, na linahitaji watumishi 200 wenye ujuzi na 100 wasio na ujuzi. Asiye na ujuzi, kwa kitabu hicho hicho, analipwa vipande viwili vya fedha kwa siku, na vipande kumi vya fedha ndiyo kimoja cha dhahabu. Nikafungua ukurasa wa gharama za maisha. Maisha ya kimaskini: vipande viwili vya fedha kwa siku. Sawasawa na mshahara wake, hakizidi hata kimoja. Maisha ya kikabaila yanaanzia vipande kumi vya dhahabu kwa siku, na juu hayana kikomo.

Nikashika kikokotoo. Yule anayefagia kasri, akiweka akiba mshahara wake wote bila kula, anahitaji miaka karibu 6,850 kupata bei ya jengo analolifagia. Sijui kama walioandika kanuni walikusudia, lakini hesabu iko mezani. Toleo jipya la mwaka 2024 limerahisisha mambo, mchezaji akifika daraja la 5 anaruhusiwa kuwa na ngome yake. Raha. Ila swali la nani anafagia liko pale pale.

Turudi kwenye picha zangu. Jumba la kwanza lililonivutia ni lile ambalo kila mtu duniani analijua hata kama hajui jina lake: Neuschwanstein, kule Bavaria, Ujerumani. Minara myeupe juu ya mwamba, milima nyuma, ukungu chini. Mfalme Ludwig II alianza kulijenga mwaka 1869, na michoro yake ya mwanzo ilitoka kwa mchoraji wa mapazia ya jukwaa la maonyesho. Ndiyo maana linaonekana kama pazia. Ludwig alifariki mwaka 1886 jengo likiwa halijamalizika, na humo ndani alikuwa amekaa siku 172 tu kwa jumla. Wiki chache baada ya kifo chake likafunguliwa kwa watalii wenye tiketi.

Nikaliacha. Ukoo haukuwahi kukaa humo. Hakuna aliyezaliwa pale, hakuna ndugu waliogombania urithi kwenye korido zake, hakuna mpishi aliyezeeka jikoni mwake. Ukimleta mhusika wako nyumbani Neuschwanstein unamleta kwenye kadi ya posta. Wenzako watanyamaza getini, kweli, kisha wataulizana tunakula wapi.

La pili, hilo lilinikamata roho. Linaitwa Hardwick Hall, liko Derbyshire, Uingereza. Lilijengwa kati ya 1590 na 1597 na mwanamke aliyekuwa ameshavuka miaka 60, Elizabeth Talbot, bibi wa Shrewsbury, ambaye historia inamwita Bess wa Hardwick. Aliolewa mara nne, na kila ndoa ilimpandisha ngazi moja ya utajiri mpaka akawa miongoni mwa wanawake matajiri kabisa nchini mwake baada ya malkia. Alipojenga hakutaka mtu asahau. Minara ni sita, na juu yake aliweka herufi za jina lake zikiwa zimechongwa kwa mawe, E na S, zinaonekana kwa mbali. Halafu madirisha! Wakati huo kioo kilikuwa ghali sana, yeye akajaza ukuta mzima, na kadiri unavyopanda ghorofa ndivyo madirisha yanavyokuwa marefu zaidi, kwa sababu vyumba vya heshima aliviweka juu kabisa. Jua likizama pale, jengo zima linawaka.

Nikasema nimepata. Bibi wa mhusika wangu amejenga hili. Herufi zake ziko angani. Nani atazungumza getini?

Sasa hapa inabidi niwaambie jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Jumatano nilikwenda Temeke kumsalimia mama. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamwonyesha picha ya Hardwick kwenye simu, nikamweleza kwa kirefu kwamba natafuta nyumba ya tajiri wa kwenye mchezo. Mama akaishika simu, akaivuta picha kwa vidole viwili, akatazama muda mrefu. Kisha akauliza:

"Jiko liko wapi?"

"Chini, mama."

"Na wanakula wapi?"

"Wakiwa na wageni wakubwa, ghorofa ya juu kabisa."

"Sasa mwanangu, ngazi zote hizo, maji nani anapandisha?"

Mama yangu alifanya kazi za ndani miaka 11, kwenye nyumba moja ya ghorofa Oysterbay. Wakati wa likizo za shule alikuwa ananichukua, nakaa kwenye kibao kando ya mlango wa jikoni, nasoma magazeti ya zamani waliyoweka kwa ajili ya kufungia vitu. (Mnaoniuliza nilianzaje kupenda magazeti, jibu ndilo hilo.) Geti la mbele sikuwahi kulipita, sisi tulikuwa na kijimlango cha pembeni karibu na mapipa ya taka. Ngazi za ndani zilikuwa 17. Nazijua idadi kwa sababu nilizipanda siku moja tu: umeme ulikatika, pampu ikazima, tangi la juu likakauka, na mama akapandisha ndoo mimi nikimfuata na kopo. Nilipofika juu nikaona zulia, na dirisha lililoonyesha bahari. Sikuwa na habari kwamba kutoka kwenye nyumba ile bahari inaonekana. Nilikuwa nimekaa pale likizo tatu.

Kwa hiyo mtu akiniambia niache kuleta siasa kwenye jumba la kubuni, namwelewa, lakini mimi sikuzileta. Nilipoambiwa chagua jumba, mtoto wa kwenye kibao ndiye aliyechagua, naye alikimbilia kwenye madirisha yanayoona mbali. Binti wangu wa kikabaila nilimpa chumba cha mnarani, kitanda chenye mapazia na farasi wawili. Watumishi niliwaandika kwa mstari mmoja: "watu wapatao mia." Mtoto wa mfanyakazi wa ndani nimewaandika wafanyakazi wa ndani kama idadi ya viti. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu darasa la pili, Jumatano ndiyo nikaielewa.

Nikarudi kwenye Hardwick kwa jicho la mama. Na kumbe swali lake lina jibu. Chakula kilitoka jikoni chini, kikabebwa na watumishi waliopanga msafara kupitia ngazi za mawe, ghorofa hadi ghorofa, mpaka kwenye chumba kikuu cha juu. Msafara wenyewe ulikuwa sehemu ya maonyesho, mgeni aone sahani inavyopewa heshima. Ilifika ikiwa ya moto kiasi gani, hilo mwulizeni aliyewahi kupandisha supu ghorofani. Lakini ona kitu gani kimetokea: kwa swali moja la jikoni jumba limepata njia, limepata mwendo, limepata watu wanaopishana kwenye ngazi. Mhusika wangu akitaka kuingia kwa siri kumwona baba yake, ameshapata mlango. Anabeba sahani, anainamisha kichwa, nani atamtazama? Mnara usingenipa hadithi hiyo.

Jumba la tatu ndilo lililomaliza ubishi kichwani mwangu, nalo ni Penrhyn, karibu na mji wa Bangor, kaskazini mwa Wales. Ukiliona utaapa kwamba ni ngome ya zama za kati: kuta nene, matao mazito, mnara mkubwa wa mraba. Ni uongo mtupu. Lilijengwa kuanzia miaka ya 1820, enzi ambayo injini za mvuke zilishaanza kuvuta mabehewa. Mwenyewe aliitwa George Hay Dawkins-Pennant, akamwajiri msanifu Thomas Hopper amtengenezee ukale. Fedha ni mpya, kwa hiyo zinavishwa joho la kizee ili zipate heshima. Sisi tunaofuatilia habari za mjini tunalijua vizuri joho hilo.

Na fedha zilitoka wapi? Njia mbili. Ya kwanza ni mashamba ya miwa Jamaica, yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, ililipa fidia. Kumlipa nani? Mwenye mali. Dawkins-Pennant alipokea zaidi ya pauni 14,600 kwa ajili ya watu 764. Wale watu 764 hawakupata hata senti. Njia ya pili ni machimbo ya mawe ya kuezekea kule Bethesda. Ndani ya jumba kuna kitanda kilichochongwa kwa mawe hayo, uzito wake takriban tani moja. Fikiria, mtu ana fedha kiasi kwamba anachongesha kitanda kwa bidhaa yake.

Novemba 1900 wachimbaji wa Bethesda walitoka kazini, mgomo ukadumu mpaka 1903, miaka mitatu kasoro. Njaa ilipozidi baadhi wakarudi machimboni. Waliobaki kwenye mgomo wakaweka karatasi madirishani mwao, zimeandikwa kwa Kiwelshi kwamba ndani ya nyumba hii hakuna msaliti. Mji ukagawanyika kwa karatasi hizo.

Sasa niambieni nyinyi mnaopenda hadithi. Jumba lenye minara sita na jumba ambalo wachimbaji wake wanaishi kwenye nyumba zenye karatasi hizo, lipi linatisha zaidi? Mwalimu alitaka jumba la kutisha. Urefu wa ukuta unatisha dakika tano. Kinachotisha muda mrefu ni kujua ukuta umelipiwa na nani, hasa kama jina lako ndilo limeandikwa mlangoni.

Rafiki yetu mmoja wa benki aliponisikia alinirukia: "Kwa nini unahangaika na ya Wazungu? Majumba ya kwetu huyaoni?" Hoja nzuri, sikuipuuza. Dunia yetu ya mchezo ina theluji na mbwa mwitu, kwa hiyo Wales ilikaa vizuri, lakini nilikwenda kuangalia. Kilwa Kisiwani kuna Husuni Kubwa, juu ya genge linalotazama bahari, kasri la mwanzoni mwa karne ya 14, la Sultani al-Hasan bin Sulaiman ambaye Ibn Battuta alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Vyumba vinapita mia moja, na kuna bwawa la kuogea lenye pande nane. Pande nane, jamani, karne ya 14! Kule Oman kuna Jabreen, ngome ya imamu Bil'arab bin Sultan ya karne ya 17, yenye dari zilizopakwa rangi na chumba cha kuhifadhia tende ambacho sakafu yake ina mifereji ya kukinga asali ya tende inayochuruzika. Bil'arab alifia humo humo akiwa amezingirwa na ndugu yake mwenyewe Saif, na kaburi lake liko ndani. Anayetafuta ugomvi wa ukoo kwa ajili ya mchezo asiende mbali.

Lamu nako kuna nyumba za mawe za waungwana, ambazo zina somo la peke yake. Kwa nje ukuta mtupu, unapita kichochoroni hujui kama umepita kwa tajiri. Ukubwa wote uko ndani, kwenye zidaka zilizopangwa ukutani mpaka juu na kwenye vyumba vinavyofuatana kila kimoja kikiwa cha faragha kuliko kilichotangulia. Hiyo ni fahari isiyopiga kelele, na mchezaji mwenye akili angeitumia.

Lakini swali la mama halina pasipoti. Kwenye nyumba hizo za ghorofa za Lamu, chini ndiko walikolala watumwa, na utumwa kwenye pwani ile ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilitoka bara kupitia Sofala, na kuna waliotembea nayo. Tukichagua kasri la kwetu tukijidanganya kwamba la kwetu halina mlango wa nyuma, tutakuwa tumefanya alichofanya Dawkins-Pennant: kuuvisha ukale heshima ambayo haujaulizwa maswali. Mimi nasema lichague la kwetu, tena kwa furaha, na ulihoji kama unavyomhoji Mzungu.

Daktari wetu yeye alikuja na hoja nzito zaidi. Akasema, "Mimi nashinda wodini siku sita. Jumapili nataka niwe mtu mwenye kasri, nisifikirie mshahara wa mtu." Nikanyamaza, kwa sababu ana haki. Mchezo ni mapumziko. Siandiki hapa kumfanya mtu aombe radhi kwa kila mnara anaouchora, na kizazi chetu kimekulia kwenye nchi ambayo tangu Azimio la Arusha la 1967 neno ukabaila limekuwa tusi, hotuba tumezisikia za kutosha. Ila nilimjibu hivi: jumba lenye watumishi wasio na majina linachosha haraka. Wiki ya pili utakuwa umeshamaliza vyumba. Mtu mwenye jina na deni hamalizi mtu. Hata kama hujali haki, jali hadithi yako.

Basi kwa wanaotaka kuchagua, huu ndio utaratibu niliojitengenezea, uchukueni kama unafaa. Kwanza, fedha za kujenga zilitoka wapi, na waliozitoa wanaishi umbali gani? Wakiwa wanaonekana dirishani, jumba lako liko hai. Pili, nani alijenga na alitaka kumringishia nani? Bess aliweka herufi juu ya paa, waungwana wa Lamu walificha kila kitu ndani. Tabia ya ukoo iko hapo. Tatu, maji yanapandaje na chakula kinafikaje? Ukilijibu hilo umepata ramani nzima ya nyumba bila kuchora. Nne, sehemu gani haijamalizika au inavuja? Kila jumba kubwa linavuja, na panapovuja ndipo fedha zilipoishia. Tano, na hili la mama, waandike watu watatu kwa majina kabla hujaandika mnara hata mmoja.

Nikachagua la aina ya Penrhyn. Ngome ya kikale iliyojengwa na babu, siyo na mababu. Machimbo nyuma, kijiji chini, kitanda cha mawe chumbani kwa baba. Dirisha la Hardwick nimeliiba moja nikaliweka juu, nisameheni, yule mtoto wa kwenye kibao naye ana haki yake. Na watu watatu: mpishi, mtunza taa, na mfua nguo mzee aliyemlea mhusika wangu.

Jumapili iliyopita tukafika. Mwalimu alieleza geti vizuri sana, wenzangu wakanyamaza kama alivyotaka. Mimi nikasema hatuingii hapo, tufuateni ukuta mpaka nyuma, kwenye mlango wa kufulia. Nikagonga. Mfua nguo akafungua kidogo, akaniita kwa jina langu la utotoni. Mwalimu, ambaye ni mbaya kwelikweli akitaka, akamfanya aulize swali moja tu: mwanawe anayechimba mawe hajalipwa miaka miwili, je mimi nilijua hilo nilipoondoka na farasi wawili?

Nikarusha dadu ya kumshawishi. Saba. Akafunga mlango.

Wote wanne wakanitazama. Tuko nje, mvua inanyesha, jumba la kwetu liko mbele yetu na limetushinda mlango wa nyuma. Daktari ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema: "Sasa yule mama tunamlipaje?" Tukatumia saa nzima iliyobaki kulijadili hilo, naye hakulalamika hata mara moja.

Nilipompigia mama kumsimulia alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza huyo mzee wa kufua analala wapi humo ndani. Nikafungua daftari. Chumba cha mnarani kipo, cha farasi kipo, chake sijamwandikia. Naenda kukiandika sasa hivi, kabla ya Jumapili, na nataka kiwe na dirisha.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Lako wewe lina ngazi ngapi, na maji anapandisha nani?